Picha ya mdiria wa Naivasha: jaji kasema "rangi imezidi", naomba mnikosoe

Mdau wa Mafunjo:
Wadau habari zenu. Naomba mnikosolee picha moja na naomba msinionee huruma, nimechoka kuambiwa "safi sana kaka" halafu basi, sijifunzi kitu.

Ni mdiria, yule ndege mdogo wa kishungi anayekaa kwenye mafunjo, nimempiga picha hapa Ziwa Naivasha Jumamosi iliyopita kwenye saa moja na nusu asubuhi. Nilikuwa kwenye boti, nahodha akazima injini tukaiacha ielee yenyewe polepole mpaka tukabaki kama mita tano hivi na hakuruka, alikaa tu anaangalia maji. Lenzi ni ya milimita 150-600, nimepiga kwenye 600 yenyewe, tundu la lenzi f/6.3, shata 1/1600 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 1250. Kamera ilihifadhi JPEG (picha iliyokwisha kutengenezwa na kamera) na RAW (faili ghafi ambalo halijaguswa) lakini niliyoihariri ni JPEG, kwenye simu.

Ndege yuko katikati ya fremu, anaangalia kushoto. Nyuma yake mafunjo yamejaa, kuna bua moja limepita nyuma ya kichwa likaenda juu, chini kuna maji kidogo na pale kona ya kulia kuna gugu maji lenye ua. Rangi niliongeza bluu ya mgongoni na ile ya machungwa ya kifuani, kwa sababu ilivyotoka kwenye kamera haikufanana kabisa na nilivyomwona kwa macho, jamani pale alikuwa anawaka, hadi nahodha ambaye anawaona kila siku alinyamaza.

Nikatuma kwenye mashindano fulani madogo, jibu likarudi na maneno mawili, rangi imezidi. Imezidi wapi, kwa kiasi gani, hakuna. Mpangilio hawakuugusa. Hii picha nimeitafuta miezi minne na naipenda sana, kwa hiyo naomba mnieleze, rangi imeharibika wapi, mpangilio una kosa gani, na je inaokoleka ama nirudi ziwani?

Babu Lenzi:
Mwanangu, kwanza hongera kwa kumkaribia hivyo bila kumrusha, huyo nahodha wako anajua kazi, wengine hutikisa mafunjo ili ndege aruke mteja apate picha na hilo halifai kabisa.

Sasa rangi. Nimeifungua kwenye kompyuta nikaikuza mpaka kifuani. Kifuani hapana manyoya. Kuna rangi ya machungwa imetandazwa kama ukuta uliopakwa juzi, nimetafuta hata mstari mmoja wa unyoya sikuuona. Mdomo vilevile, mdiria mzima mdomo wake ni mwekundu (kinda ndio mweusi) lakini una umbo, juu kuna mng'ao mwembamba wa mwanga, chini unaingia kivuli, wa kwako ni nyekundu ileile kutoka puani hadi ncha. Jaji alimaanisha hapo. Rangi imekolezwa hadi imekula manyoya.

Kwa ndege kama huyu nyekundu ndio huungua kwanza, yaani inajaa mpaka manyoya yanapotea. Ile histogramu (grafu ya mwanga kwenye kamera) ya kawaida ya mlima mmoja inakudanganya, inachanganya rangi zote pamoja ikakuonyesha mambo ni shwari, fungua ile yenye rangi tatu utaona nyekundu imegonga ukuta wa kulia muda mrefu. Mi nikipiga mdiria au shorobo, au ndege yeyote mwenye nyekundu, nashusha mwanga kama theluthi mbili za stopu (kipimo cha mwanga cha kamera), hasa ndege akiwa mbele ya kivuli cha mafunjo, maana kamera ikiona giza nyingi inaongeza mwanga na koo lake jeupe linaungua pamoja na kifua.

Halafu kuhusu kuwaka. Ni kweli ulimwona anawaka, sikupingi. Bluu ile ya mgongoni haina rangi ya kupaka ndani yake, unyoya wenyewe umejengwa kwa ndani kwa namna inayotawanya mwanga ukaona bluu, ungeusaga ungepata vumbi la kahawia tu. Kwa hiyo mwanga ukimwangukia kutoka mgongoni kwako anawaka, ukitoka nyuma yake bluu inakufa. Picha yako naona mwanga unatoka pembeni kulia, tena kidogo nyuma yake. Hapo ungemwomba nahodha azungushe boti taratibu mpaka jua likupige kisogoni. Slaida ya saturesheni, ile ya kukoleza rangi, haiwezi kuleta mwanga ambao haukumfikia ndege.

Zaituni wa Meru:
Kaka mi nina kitu kimoja kimenishtua. Niliiona picha kwenye simu kabla sijasoma maelezo na kwa sekunde kama mbili nilidhani ni yule mdiria mwingine mdogo, yule wa vichakani anayekula wadudu na wala hategemei maji, huku kwetu anakuja shambani kabisa. Unajua nini kilinipoteza? Zambarau. Yule wa vichakani ana zambarau nyuma ya jicho, na wako sasa ana zambarau kuanzia kisogoni inashuka hadi mgongoni. Kilichonirudisha ni utosi, wa kwako bluu imeshuka mpaka imegusa jicho, yule mwingine ana mstari wa rangi ya kutu unaotenganisha utosi na jicho, halafu mafunjo yenyewe.

Naona hili ni kubwa kuliko uzuri wa picha. Watu tunapeleka picha na kumbukumbu kwenye eBird na Kenya Bird Map, yale majukwaa ya mtandaoni ya kuandika ndege walioonekana, ziwe ushahidi wa nani kaonekana wapi, na ndege hawa wawili wanatofautishwa kwa rangi za mahali padogo sana, ukisogeza rangi umesogeza ndege.

Sasa zambarau imetoka wapi, nadhani najua. Waiti balansi, ile ya kuifanya nyeupe ionekane nyeupe, uliiacha kwenye oto kamera ijiamulie? Kamera ikiona fremu imejaa kijani inajaribu kusawazisha kwa kuongeza majenta (wekundu wa waridi-zambarau), na majenta ikikaa juu ya bluu unapata zambarau, halafu wewe ukaja ukaikoleza ileile. Njia rahisi ya kujipima unayo ndani ya picha, lile ua la gugu maji pale kona. Linganisha rangi ya ua na rangi ya mgongo wa ndege. Nimelinganisha, zinakaribia kufanana! Mgongo wa mdiria huyu haufanani na ua la gugu maji hata kidogo, ni bluu iliyoiva na kwenye kishungi kuna feruzi iliyokatwakatwa na mistari myeusi, ile feruzi kwako imepotea yote.

Jaribu kwenye RAW, chukua kile kidude cha dropa, cha kuionyesha programu mahali palipo peupe, uguse lile baka jeupe la pembeni ya shingo, usiguse koo kwa sababu koo linapokea kijani kinachodunda kutoka kwenye mafunjo.

Korongo wa Watamu:
Mi naenda tofauti na wenzangu. Picha ni kali na rangi ni kali na ndio raha yake. Huku pwani nauza picha kwa watalii na zile zilizokolea ndio hutoka haraka, ile ya rangi halisi inakaa ukutani mpaka inapauka. Mtu akinunua picha ananunua ile furaha aliyoipata pale, na mwenye picha kasema alimwona anawaka. Majaji wana macho yao, wateja wana yao.

Mdau wa Mafunjo:
Babu Lenzi shikamoo, na asante sana kwa muda wako. Dada Zaituni nimelinganisha ua na mgongo, kweli kabisa, nimekaa nikaangalia hiyo kitu kama dakika tano siamini, na nimeitazama hiyo picha mara mia.

Korongo nakuelewa, na ndio nilichotaka, kuonyesha ile furaha. Lakini ikiwa mtu anaweza kudhani ni ndege mwingine basi nimekosea mahali.

Nimekagua kamera nimegundua kitu. Mtindo wa picha ulikuwa umewekwa ule wa mandhari, unaokoleza bluu na kijani, nadhani niliuweka nilipoenda mbuga ya Hell's Gate nikasahau. Kwa hiyo JPEG ilitoka kamera ikiwa imeshakolea na mimi nikaongeza juu yake kwenye simu. Na skrini ya simu nayo iko kwenye ile hali ya rangi kali. Na waiti balansi ndio, oto.

Nitaanza upya na RAW leo usiku. Mpangilio je, hakuna aliyeugusa bado.

Fundi Fremu:
Mkuu mpangilio nauchukua mimi, nivumilie itakuwa ndefu.

Watu watakuambia kosa ni kumweka ndege katikati. Mi siamini hivyo. Kuna picha za katikati zinakaa vizuri sana, ndege akikutazama usoni kwa mfano, au kivuli chake kikiwa kamili majini. Tatizo lako ni kwamba huyu anaangalia kushoto chini, kwenye maji, anawinda, na picha nzima inatakiwa imfuate anakoangalia, lakini kulia kwake umeacha nafasi sawasawa na kushoto, tena kulia ndiko kuna ua linang'aa. Kwa hiyo ndege ananivuta kushoto na ua linanivuta kulia na mi mtazamaji nabaki katikati. Kata upande wa kulia. Kata mpaka ua litoke lote, usibakishe hata petali moja ukingoni, petali ya nusu ni mbaya kuliko ua zima. Ukikata hapo mdiria mwenyewe atahamia kulia ya fremu, mbele yake patabaki pana, na yale maji ya chini ambayo sasa hivi ni kama bahati mbaya yatapata kazi. Usikate chini hata kidogo. Maji ndio anachokiangalia.

Sasa lile bua. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, mana ni jepesi, tena ni la manjano kidogo, na linaanzia hasa pale kishungi kinapoishia, yaani ndege ameota bua kichwani. Kwa kukata halitoki. Lakini nataka uone ilivyokuwa rahisi kulikwepa ukiwa palepale. Tuseme bua liko nusu mita nyuma ya ndege na wewe uko mita tano. Boti ikisogea pembeni nusu mita tu, bua linahama kama sentimita nne na nusu ukilinganisha na ndege, na kichwa cha mdiria hakifiki upana huo. Nusu mita! Hiyo ni kumwambia nahodha aguse kasia mara moja. Tabu ni kwamba tukimwona ndege tunaangalia jicho lake tu tunasahau nyuma, mi nimejizoesha nikishapata fokasi nachunguza kingo zote nne za fremu haraka halafu nazunguka kichwa cha ndege, ndio nabonyeza tena.

Kingine, ulikaa kwenye kiti cha boti, au? Naona mgongo wake kwa juu kidogo. Kaa sakafuni kwenye boti, lenzi iwe usawa wa jicho lake. Ukishuka vile nyuma yake panakuwa mbali zaidi, badala ya kuangalia mafunjo yaliyo chini yake palepale unaangalia ya ng'ambo, na kwa 600 yanalainika yenyewe. Kwa mita tano na f/6.3 kina cha fokasi, yaani sehemu inayotoka kali, ni kama sentimita mbili tu, kwa hiyo chochote kilicho mbali kinayeyuka, kilichokuharibia ni kwamba mafunjo yalikuwa yamemkaribia mno. Hapohapo nikupe sifa, amekaa ubavu kamili, mdomo na jicho viko umbali mmoja na vyote vimekaa kwenye fokasi, angegeuka akuelekee ungepata jicho kali na mdomo wa ukungu.

Na hili ndilo jibu langu kwa mdau wa Watamu pia. Ukitaka ndege awake usimguse ndege. Gusa mafunjo. Kijani chako ni cheupe mno, kina manjano nyingi, kinapigana na bluu ndio maana ukahisi bluu haitoshi ukaiongeza. Shusha mwanga wa kijani na wa manjano peke yake, ndege umwache alivyo, utashangaa. Rangi ya kutu na bluu zinapendana zenyewe, zinahitaji tu mahali palipotulia.

Kipanga88:
Si afute tu hilo bua na AI, simu za siku hizi sekunde mbili limeondoka

Fundi Fremu:
Kwa picha ya ukutani kwake sina neno, ila aseme. Kwa mashindano asithubutu. Mashindano makubwa kama yale ya Makumbusho ya Historia Asilia ya London hayakubali uongeze wala uondoe kitu, wanaomba faili la RAW walinganishe. Kukata kingo na kurekebisha mwanga ni kitu kingine, bua lilikuwepo, libaki.

Babu Lenzi:
Naunga mkono. Na ukumbuke mwanangu, kabla hujaipandisha mtandaoni ihifadhi kwenye sRGB, ule mfumo wa rangi wa kawaida wa mtandaoni. Kuna watu wanahifadhi kwenye mfumo mwingine, Adobe RGB, halafu wakiiona kwenye simu imepauka wanaongeza rangi tena, unarudi palepale. Na hiyo skrini itoe kwenye rangi kali kabla hujaanza kazi, usiku pia zima ule ulinzi wa macho unaofanya skrini kuwa ya njano, la sivyo utasahihisha rangi ya skrini ukidhani ni ya ndege.

Mdau wa Mafunjo:
Wadau nimerudi, ni saa saba usiku na sijalala.

Nimeanza na RAW. Waiti balansi nimegusa lile baka jeupe la shingoni kama Dada Zaituni alivyosema, zambarau ikaondoka palepale, na kwenye kishungi ikatokea feruzi, mistari yake myeusi naiona mmoja mmoja. Machungwa ya kifuani sijaigusa kabisa, nimeshusha mwanga kidogo na manyoya yamerudi, madogo madogo kama magamba ya samaki, na chini ya koo kuna mahali nyeupe inaingia kwenye kutu polepole, hiyo sikuwa nimewahi kuiona. Na ncha ya mdomo ina tone la maji! Miezi yote hii namtafuta, kumbe alikuwa ametoka kupiga mbizi kabla sijafika na picha yangu ya kwanza ilikuwa imelifuta hilo tone kwa wekundu.

Halafu nimeshusha kijani na manjano. Fundi, nimeinuka kwenye kiti. Bluu sijaongeza hata alama moja na inaonekana kuliko ile ya mwanzo. Nimekata kulia ua likatoka, maji yako yote.

Bua bado liko na sasa nikiangalia naliona hilo tu. Nikarudi kwenye kadi nikapitia fremu zote za asubuhi ile, ziko 214. Kuna moja nimepiga mapema kidogo, boti ilikuwa bado inaelea kuja na bua liko pembeni ya kichwa kama upana wa vidole viwili, kichwa kimekaa peke yake juu ya kijani cha giza. Lakini hapo alikuwa ameinamisha kichwa zaidi na jicho halina nuru, ni jeusi tu. Kwenye ile ya bua jicho lina nukta ya mwanga. Mngechagua ipi?

Zaituni wa Meru:
Ya nuru. Bila ile nukta jicho linakuwa tundu, na ndege mwenye jicho la tundu anaonekana kama amejazwa pamba. Na hilo tone kaka, hongera, hilo peke yake ni sababu ya kuichapisha kubwa.

Fundi Fremu:
Hapa nampinga Zaituni kwa heshima. Kwa shindano ningepeleka ile isiyo na bua, jaribu kuinua mwanga wa kivuli pale jichoni tu kidogo sana, mara nyingi nukta ipo imefichwa na giza. Ikiwa haipo basi usiichore.

Korongo wa Watamu:
Nimeona hiyo mpya. Nakiri, kwa kijani cha giza vile ameng'aa kweli bila kuongezwa kitu. Ningeichapa na kuijaribu dukani. Mkuu ukiamua kuiuza tuzungumze.

Mdau wa Mafunjo:
Nimeinua kivuli jichoni. Nukta ipo, ndogo mno, upande wa juu, inaonekana ukikuza. Nadhani ikichapwa haitaonekana. Basi zote mbili nitaziweka, ile ya bua yenye tone itabaki ya kwangu nyumbani.

Nimeshaongea na nahodha, Jumamosi saa kumi na mbili na nusu tunatoka. Ananiambia upande ule wa migunga iliyokufa majini tangu ziwa lilipopanda kuna mdiria wawili wa kishungi wanashinda kwenye matawi ya chini, na nyuma yao ni maji matupu na vigogo vya kijivu mbali kabisa. Nimemwomba aniondolee kile kiti cha mbele nikae sakafuni.

Babu Lenzi:
Kijivu itampendeza sana huyo. Jua litakuwa mashariki, mwambie aanze kuzungukia upande wa ziwa kabla hajazima injini, na uvae koti la kuelea, huko kwenye miti iliyozama kuna viboko.